Walipofunga Biashara, Nani Aliuliza kwa Sheria Gani?



Vijana wenzangu, naanza na tarehe. Jumatano, 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kuanzia saa moja jioni hakuna kuingia wala kutoka Eastleigh kule Nairobi, na Mji wa Kale hapa kwetu Mombasa. Siku 15. Hoteli zifungwe, na kule Eastleigh maduka makubwa nayo yafungwe. Siku 15 zikaisha, zikaongezwa, tukafika mwanzo wa Juni. Idi ikatukuta humo humo ndani.

Wewe uliyekuwa shule wakati ule pengine unakumbuka barakoa na kafyu tu. Lakini muulize muuza nguo yeyote wa Eastleigh zile wiki mbili kabla ya Idi zina maana gani kwake. Mtu ameleta mzigo kwa deni, anangoja siku kumi za mwisho alipe. Shangazi yangu alikuwa na hoteli ndogo Kibokoni, meza nne na friza moja. Ramadhani ndiyo mwaka wake mzima: viazi karai, kaimati, sambusa, watu wamejaa mlangoni kabla ya Maghrib. Akafunga. Mwenye nyumba hakupunguza kodi hata shilingi. Kufika Agosti friza imeuzwa, na hoteli mpaka leo haijafunguliwa tena.

Nilimuuliza mwaka jana, "Shangazi, siku ile mlipoambiwa mfunge, mliuliza chochote?" Akaniangalia. "Nimuulize nani, mwanangu? Si serikali imesema."

Basi mimi nimekuja kuzungumza juu ya waliouliza.

Kabla sijaendelea, niweke jambo moja sawa. Corona haikuwa mchezo. Tumezika watu, na wengine tuliwazika bila hata kuwaosha tunavyojua. Kulinda uhai ni wajibu kwetu, na serikali inayokaa kimya maradhi yakiua watu nayo ina makosa. Kwa hivyo asitoke mtu hapa akasema nimekuja kupinga madaktari. Mimi nauliza kitu kingine: serikali ikikufungia riziki yako, inatakiwa ikuonyeshe nini?

Hapa Kenya kesi iliyosikika zaidi ilikuwa ya kafyu, ambayo ndiyo iliyoua biashara zote za usiku. Mnakumbuka Likoni, tarehe 27 Machi 2020. Watu wanakimbilia feri wafike nyumbani, saa moja haijafika, wakapigwa rungu na kurushiwa vitoa machozi. Chama cha Mawakili kikaenda Mahakama Kuu. Tarehe 16 Aprili, Jaji Weldon Korir akatoa uamuzi. Kafyu yenyewe, alisema, ni halali kisheria. Lakini nguvu waliyotumia polisi ilikuwa kinyume cha Katiba. Wengi walivunjika moyo, wakasema kesi imeshindwa. Mimi sioni hivyo. Jaji hakukataa kuangalia. Hakusema "hii ni dharura, nendeni nyumbani". Alichukua amri akaipima kipande kwa kipande, hiki kinasimama, hiki hakisimami.

Na kile kipimo si siri. Kipo kwenye Katiba, Kifungu cha 24. Haki inaweza kupunguzwa, lakini kwa sheria, kwa sababu inayoeleweka, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Kukiwa na njia nyepesi ya kufikia lengo lile lile, serikali ieleze kwa nini haikuitumia. Sasa rudi Kibokoni. Kwa nini shangazi asingeuza kwa kubeba tu, watu wakasimama mbalimbali? Labda kulikuwa na jibu zuri. Daktari angeweza kulitoa. Ila jibu halitoki mpaka mtu aulize.

Twende Malawi, maana ile kesi naipenda sana. Aprili 2020, Rais Peter Mutharika akatangaza kufunga nchi siku 21. Wachuuzi wakatoka barabarani, wakisema njaa itawaua kabla ya virusi. Wanaharakati wakakimbilia mahakamani. Tarehe 17 Aprili, siku moja kabla ya amri kuanza, Mahakama Kuu ikaisimamisha. Hoja kubwa ilikuwa hii: umemwambia mtu anayekula kwa kibarua cha siku akae ndani wiki tatu, je, umempangia nini cha kula? Hakukuwa na mpango. Septemba mwaka huo huo mahakama ikatoa hukumu kamili kwamba zile kanuni zilikuwa kinyume cha Katiba.

Ona ile hoja ilivyokaa. Hawakusema corona ni uongo. Wangesema hivyo wangetupwa nje asubuhi hiyo hiyo.

Afrika Kusini kuna somo la upande wa pili. Mtu anaitwa De Beer alipinga kanuni za kule, na Juni 2020 jaji wa Pretoria akampa ushindi mkubwa, karibu kanuni zote zikaangushwa. Watu wakashangilia. Julai 2021 Mahakama ya Rufaa ikaufuta ushindi wote. Kwa nini? Kesi ilipigwa kwa jumla jumla. Ukitaka kupinga kanuni, taja ni ipi, na useme imevunja haki gani. Huwezi kumwaga hasira mezani halafu jaji akuchambulie.

Na kule kule, kampuni ya British American Tobacco ilipinga marufuku ya kuuza sigara, ikashinda Desemba 2020. Sisi si watetezi wa sigara, mnanielewa. Lakini angalia tarehe: marufuku ilikuwa imeondolewa tangu Agosti. Ushindi umefika, miezi mitano ya biashara imeshakwenda. Kampuni kubwa inaweza kungoja. Hoteli ya meza nne haiwezi. Ndiyo maana ukienda mahakamani na jambo kama hili unaomba amri ya muda siku ile ile, kama wale wa Malawi. Kwetu Kifungu cha 23 kinaruhusu. Mwishoni mwa 2021 tuliona hapa hapa: waziri alisema biashara zinazohudumia watu 50 au zaidi zidai cheti cha chanjo, na huduma za serikali zisitolewe bila chanjo. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hata kabla ya tarehe yake, 21 Desemba.

Najua mnachofikiria. Wakili pesa, mahakama pesa. Ndugu zangu, soma Kifungu cha 22. Kesi ya haki za kikatiba haina ada ya kufungua. Unaweza kwenda kwa niaba ya wenzako au kwa niaba ya umma. Na ikibidi, mahakama inapokea hata karatasi isiyo rasmi. Wakili mzuri bado unamhitaji, sitakudanganya, lakini mlango hauna kufuli.

Halafu kuna kitu hata wakili hakihitaji. Kifungu cha 47: ukiumizwa na uamuzi wa ofisi ya serikali, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ni barua ya ukurasa mmoja. Tarehe, jina la biashara, namba ya leseni, amri iliyokufunga, na swali: kwa sheria gani na kwa sababu gani? Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri urudi nayo. Wasipojibu kwa muda wa kisheria, ule ukimya wenyewe unawahesabia vibaya mbele ya jaji.

Shangazi yangu hana karatasi hata moja ya mwaka ule. Si leseni, si risiti ya kodi ya nyumba, si daftari la mauzo. Nimetafuta naye kwenye masanduku. Ningemtafutia wakili leo, angeanza na nini?

Kwa hivyo wale wenye wazazi au kaka zao wana duka, kibanda, boda, chochote: Jumamosi ijayo njooni na picha za leseni na risiti kwenye simu zenu. Tutakaa hapa hapa baada ya Asr tuandike ile barua ya mfano, kila mtu aondoke na yake.

Sasa maswali. Dada pale nyuma umeinua mkono zamani, karibu.