Somo la Mtazamaji: Hadithi ni ya Nani?

Juma lililopita tulijifunza kazi ya mhariri wa gazeti. Leo tumwangalie yule anayepokea, yaani msomaji, msikilizaji na mtazamaji. Labda mwadhani kazi yake ni kukaa kimya tu. Sivyo.

Huko Marekani, tangu tarehe 8 Septemba 1966 hadi mwaka 1969, ulionyeshwa katika televisheni mchezo uitwao Star Trek. Ni habari za chombo kinachosafiri kati ya nyota. Nahodha wake ni Kirk, na msaidizi wake ni Spock, ambaye baba yake ni wa sayari nyingine. Wawili hawa ni marafiki hata kila mmoja yu tayari kufa kwa ajili ya mwenziwe. Basi watazamaji wengine, wengi wao wanawake, waliona kwamba mapenzi hayo yanapita urafiki. Wakatunga hadithi zao wenyewe, wakazipiga chapa katika vijigazeti na kupelekeana kwa posta. Hadithi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo ilitoka mwaka 1974, na mtungaji hakuwataja wahusika wake kwa majina.

Mwaka 1992 mwalimu wa chuo, Henry Jenkins, alitoa kitabu juu ya mashabiki hao. Aliwafananisha na mtu anayewinda katika shamba la tajiri: ardhi si yake, lakini nyama anapata. Naupenda mfano huo, ingawa nyama ikiliwa imekwisha, na hadithi haipungui kwa kusomwa.

Wengine hawakutaka kuwinda kwa siri. Katika miaka ya 1980, mjini Boston, mashabiki waume wapendao waume na wake wapendao wake waliunda chama, Gaylaxians. Katika chombo kile walimwona Mwafrika, Mrusi, hata mtu wa sayari nyingine. Mtu kama wao hawakumwona. Wakaandika barua kuwadai wenye mchezo. Mwaka 1991 mtungaji wake, Gene Roddenberry, aliahidi kwamba watu hao wataonekana, naye akafa mwaka ule ule. Ilipita miaka 25 ndipo, katika filamu ya 2016, mhusika Sulu akaonyeshwa na mwenzi wake wa kiume na binti yao, kwa kitambo kifupi mno.

Sasa kazi yenu. Chagueni mchezo mmoja wa redio mnaousikiliza. Ni nani wa mtaani kwenu asiyesikika humo kamwe? Mwandikieni mtungaji barua ya mistari kumi. Anwani na tarehe ziwe juu, upande wa kulia.