Ndege za Jeshi Juu ya Gikomba: Tusikimbie, Nasi Tuambiwe Mapema

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa kwa wenyeji wa Gikomba, Majengo na Shauri Moyo. Yameandikwa hapa ili wasomaji wa mjini na wa mashambani nao wapate faida.

Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowasumbua watu wa upande huu wa Nairobi kila zikaribiapo sikukuu za taifa, yaani Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri tarehe 12 Desemba, hasa sherehe zinapofanyika hapa mjini. Jambo hilo ni ndege za jeshi zipitazo chini sana juu ya vichwa vyetu.

Mambo yalivyo mnayajua. Mama anakaanga samaki, karai limejaa mafuta yanayochemka. Fundi seremala yuko katika msumeno wake. Mwenye mkokoteni anapita katika kichochoro kisichotosha watu wawili. Mara anga linanguruma, mabati yanatetemeka, na kabla mtu hajainua macho ndege imekwisha pita. Mmoja akipiga kelele na kukimbia, kumi humfuata bila kuuliza, na mia huwafuata wale kumi.

Wako watu huwacheka wanaokimbia. Kuwacheka si haki. Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wa Eastlands wameumwa, tena si mara moja.

Tazameni hata majina ya mitaa yetu. Kariokor ni ukumbusho wa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na soko la Burma lapata jina lake kutoka nchi walikopigana askari wetu katika Vita Kuu ya Pili. Kiwanja cha ndege cha Eastleigh, ambacho leo huitwa Moi Air Base, kilikuwa cha jeshi la anga la Uingereza. Katika miaka ya 1953 hadi 1955 ndege kubwa za mabomu ziitwazo Lincoln ziliruka kutoka hapo kwenda kupiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Na tarehe 24 Aprili 1954 maelfu ya askari waliuzingira mji huu katika msako ulioitwa Operation Anvil, na watu wengi wa mitaa hii wakatiwa kizuizini. Mzee aliyekuwa mtoto wakati ule hasikii mngurumo wa ndege kama mtalii ausikiavyo.

Baada ya Uhuru, Jeshi la Anga la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, na ndege zikawa zetu wenyewe. Lakini Jumapili tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa jeshi hilo walijaribu kuipindua serikali. Waliiteka redio, na ndege za vita zikatokea juu ya mji. Mabomu hayakuangushwa Nairobi, lakini mapigano ya siku ile yaliua watu zaidi ya mia, na maduka mengi yakaporwa. Tangu hapo, kwa watu wengi, ndege ya vita ikipita bila habari, swali la kwanza ni hili: kumetokea nini serikalini?

Tena ukaja mlipuko wa tarehe 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani, uliowaua watu zaidi ya mia mbili. Na hapa hapa Gikomba, tarehe 16 Mei 2014, mabomu mawili yaliua watu wapatao kumi na kuwajeruhi wengine wengi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hofu hii ni ujinga. Hofu hii ina historia.

Wala si sisi peke yetu. Wenzetu wa Bukoba na Mwanza walipigwa kwa mabomu ya ndege za Idi Amin mwaka 1972. Mtu aliyeona mambo hayo huangalia juu haraka.

Haya basi, na tuitazame ndege yenyewe, kwa maana kitu kinachoeleweka hakitishi kama kisichoeleweka. Ndege iendayo kilometa 720 kwa saa hupita meta 200 kila sekunde moja. Sauti hukimbia meta zipatazo 340 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti huitangulia ndege, lakini kwa muda mfupi sana. Tena injini hutoa kelele yake kubwa kwa upande wa nyuma, na majumba pamoja na kelele za soko huficha ile iliyotangulia. Ndiyo sababu hatusikii kitu, kisha twasikia yote kwa mara moja. Mshindo ule wa ghafula si bomu. Ni injini tu.

Na kwa nini zipite chini? Siku ya sherehe ndege zapaswa kupita mbele ya wageni kwa mpango, zikiwa karibu karibu, kwa dakika ile ile iliyoandikwa. Jambo kama hilo halifanyiki bila mazoezi, na mazoezi hufanyika siku kadhaa kabla. Ndege za kuchukua watu zina makao yake Eastleigh, karibu na milango yetu. Ndege za vita huja kutoka Laikipia, karibu na Nanyuki.

Sasa nataka kusema juu ya hatari yenyewe. Ndege ikipita salama huondoka na kelele zake. Lakini mbio zikianza sokoni, hubaki na madhara. Karai la mafuta likipinduka huunguza mtoto. Jiko la makaa likipigwa teke katikati ya mbao na mitumba ni moto, na moto twaujua: ule wa tarehe 28 Juni 2018 uliwaua watu 15 hapa Gikomba. Mwizi naye hakimbii. Yeye hungoja kibanda kiachwe wazi. Basi mtu aweza kuokoka katika ndege isiyomdhuru, akaumia kwa miguu ya jirani yake.

Kwa hiyo nawaombeni mfanye hivi. Usikiapo mngurumo, simama ulipo na umshike mtoto wako mkono. Anayepika asogee kando ya karai bila kulisukuma. Hesabu polepole hadi kumi. Kama ni ndege, sauti itakuwa imekwisha kwenda mbali. Usipige kelele ya "bomu" kwa kitu ambacho hukukiona. Na wenye simu wasieneze picha za zamani au maneno ya kusikia tu, maana uvumi huo hufika kijijini kabla ya ukweli, na wazazi huko hawalali.

Lakini mzigo huu si wetu peke yetu. Ndege za kiraia zina kanuni ya kutoshuka chini ovyo juu ya miji. Ndege za jeshi haziongozwi na mkataba ule wa Chicago wa mwaka 1944 unaoziongoza ndege za kiraia. Zaongozwa na serikali yenyewe. Mwenye uhuru mkubwa ana wajibu mkubwa zaidi wa kutoa habari. Wizara ya Ulinzi imewahi kuwatangazia watu wa Nairobi kwamba kutakuwa na mazoezi ya ndege na kwamba wasishtuke. Hilo ni jambo jema, nasi twashukuru. Twaomba liwe desturi isiyokosa.

Tena tangazo lililobandikwa mahali ambapo muuza mitumba hafiki, au lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma, si tangazo kwake. Twaomba litolewe kwa Kiswahili, katika redio, siku mbili au tatu kabla, likitaja siku na saa. Machifu walisome katika baraza, na lifike misikitini, makanisani, shuleni, na katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, ambako mama aliyejifungua usiku hastahili kuamshwa kwa hofu. Hatuombi hisani, kwa maana Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Ndugu zangu, ndege hizi zimenunuliwa kwa kodi ya muuza samaki na ya fundi seremala pia. Yafaa siku ya sikukuu mwenye kulipa aziangalie kwa furaha, wala asijifiche chini ya meza. Jambo hilo lahitaji vitu viwili tu: serikali iseme mapema, nasi tusimame tulipo.