Watu wa Reli na Uchaguzi wa Uingereza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama,

Katibu aliniomba niseme habari za Brexit, kwa kuwa wengi wanalisikia neno hili na kuuliza linatuhusu nini sisi watu wa reli. Nitasema zaidi juu ya uchaguzi mmoja, ule wa tarehe 12 Desemba 2019, maana ndio uliolikata shauri lile, na ndani yake yamo mambo ambayo chama cho chote cha wafanya kazi yafaa kiyajue.

Kwanza neno lenyewe. Brexit ni kule kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya. Tarehe 23 Juni 2016 wananchi waliulizwa: tukae au tutoke? Waliosema tutoke walikuwa milioni 17.4, waliosema tukae milioni 16.1. Kisha ikapita miaka zaidi ya mitatu Bunge lao likivutana, na mawaziri wakuu wawili wakaacha kazi. Ndipo Boris Johnson wa chama cha Conservative akaenda kwa wapiga kura na neno moja tu: nipeni Bunge, nami nitawatoa. Alipata viti 365 katika viti 650. Chama cha Labour kilipata 202, na tangu 1935 hakijapata kushuka chini hivyo.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yetu yalipo. Chama hiki cha Labour ni mtoto wa watu wa reli. Mwaka 1899 tawi moja la chama cha watumishi wa reli, katika mji wa Doncaster, lilitoa shauri kwamba vyama vya wafanya kazi viungane na kupeleka watu wao Bungeni. Tawi, ndugu zangu, kama hili letu. Mwaka 1900 kamati ikaundwa mjini London. Mwaka huo huo watu wa reli ya Taff Vale, huko Wales, waligoma. Kampuni ikawashitaki, na mahakama ikaamua kwamba chama chao chaweza kudaiwa hasara ya mgomo. Mwishowe kililipa pauni 23,000. Vyama vilivyokuwa vikisitasita vikaona kwamba bila watu Bungeni kila mgomo waweza kumaliza sanduku la fedha. Mwaka 1906 sheria ile ikabadilishwa.

Basi tazameni mwaka 2019. Darlington ni mji ambao reli yake ilifunguliwa 1825, reli ya kwanza ya watu wote kutumia injini za mvuke. Labour ilikuwa na kiti hicho tangu 1992, ikakipoteza. Crewe ni mji uliojengwa na kampuni ya reli kwa ajili ya karakana zake. Hapo Labour ilishinda 2017 kwa kura 48 tu, watu wasiojaza hata behewa moja. 2019 ikashindwa kabisa. Huko Bolsover mzee Dennis Skinner, aliyekuwa mchimba makaa na Mbunge tangu 1970, akaangushwa naye.

Kwa nini? Wako wanaosema watu hawakumpenda kiongozi, Jeremy Corbyn. Hilo lilikuwapo. Lakini miji ile ilikuwa imesema tutoke, na wanachama wengi wa Labour katika miji mikubwa walitaka kukaa. Vyama vya reli vyenyewe viligawanyika mwaka 2016: RMT na ASLEF ya madereva vilisema tutoke, na RMT ilitoa sababu kwamba amri za Ulaya zaisukuma reli mikononi mwa makampuni. TSSA, chenye makarani wengi, kilisema tukae. Labour ikajibu kwamba itafanya mapatano mapya, kisha itawauliza watu tena, na kiongozi wake asingekuwa upande wo wote. Njia mbili zilimshinda fisi. Mimi naona mfanya kazi aweza kumvumilia kiongozi wasiyepatana. Asiyemwambia anakokwenda hamvumilii.

Pia msidhani kwamba viti na kura ni kitu kimoja. Mwaka 2017 Labour ilipata kura 40 katika kila 100, ikapewa viti 262. Mwaka 2024 ilipata chini ya 34 katika 100, ikapewa viti 411 na serikali. Inakuwaje? Kila jimbo humpeleka yule aliye mbele, hata akiwa hana nusu ya kura. Mwaka 2019 chama cha Nigel Farage hakikusimamisha watu katika majimbo 317 ambayo Conservative walikuwa nayo, na hilo likamsaidia Johnson. Mwaka 2024 chama hicho hicho, sasa kwa jina la Reform, kikasimama karibu kila mahali na kuzila kura za Conservative. Labour ikapita katikati. Darlington na Crewe zikarudi, ingawa sidhani kwamba zilirudi kwa mapenzi makubwa.

Na matokeo kwa wafanya kazi? Tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ilitoka. Mswada wa kutoka uliosomwa Oktoba 2019, Johnson alipokuwa hana wengi Bungeni, ulikuwa na vifungu vya kulinda haki za wafanya kazi zilizotoka Ulaya. Baada ya uchaguzi mswada ulirudi Desemba, na vifungu vile vilikuwa vimeondolewa. Hakuhitaji tena kumbembeleza mtu. Mwezi huo huo serikali ilitangaza sheria ya kulazimisha baadhi ya magari ya moshi kwenda wakati wa mgomo. Ilipitishwa 2023, na Labour ikaifuta 2025. Hesabuni wenyewe miaka hiyo.

Hata kwetu jambo hili lilifika. Maua na chai yetu yalikuwa yakiingia Uingereza bila ushuru kwa masharti ya Ulaya. Uganda na Tanzania zimo katika hesabu ya nchi maskini kabisa, hivyo zingeendelea kusamehewa, Kenya haimo. Ikabidi serikali yetu ifanye mapatano yake na Uingereza, yakatiwa sahihi tarehe 8 Desemba 2020, siku chache tu kabla ya masharti ya zamani kwisha. Mchuma maua wa Naivasha hakupiga kura Darlington, lakini kazi yake ilikuwa ikingojea mezani.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo nilipofika. Wenye maswali na waulize.