Ulimi Mlimani

(Maneno aliyoyasema kiongozi mmoja wa safari za Mlima Kenya mbele ya wachukuzi na wapishi.)



Nimeombwa niseme juu ya adabu ya maneno katika safari. Msidhani ni habari ya kuwapendeza wageni ili watupe bakshishi. Ni habari ya uhai.

Pale Lenana, mita 4,985, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni ya pumzi moja ya Mombasa. Kichwa huuma, usingizi hupotea, hasira huja upesi. Mtu aliye mpole kule Naro Moru, akifika Kambi ya Mackinder, mita 4,200, hugombana na mwenzake kwa ajili ya sufuria. Basi kila mmoja ajiulize: maneno haya ni yangu, ama ni ya hewa? Mimi hunywa chai kwanza, ndipo nimjibu mpishi.

Sasa jambo lenyewe. Kijana anapanda mara ya kwanza na mzigo mgongoni, kichwa kinamwuma. Akisema, wakubwa humcheka: "Rudi kwa mama ukalishe kuku!" Kesho hatasema tena. Atanyamaza mpaka ayumbe kama mlevi, ama akose pumzi hata akiwa ameketi, akikohoa mate ya povu. Hapo lazima ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Wengine hudhani ugonjwa huu ni wa Wazungu. Sivyo! Aliyezaliwa Chogoria hulala kwao chini ya mita 2,000, na mlima hauulizi kitambulisho.

Kwa hiyo, wewe mkubwa, jioni mwite kijana kando, umwulize kwa upole: kichwa je? Umekula? Akijibu "niko sawa," mtazame anavyotembea. Na mwenye safari akikataa mgonjwa asishuke kwa kuwa mzigo utabaki, msimtukane, wala msinyamaze. Mwendeeni watu watatu pamoja, mmwambie wazi: mtu huyu anashuka sasa, mzigo utafuata. Kisha leteni habari hiyo chamani.

Tena, mgeni akitapika msimcheke kwa Kikuyu ama Kimeru. Lugha haijui, lakini kicheko anakijua, naye pia ataanza kuficha ugonjwa wake.

Liko na jambo la majina. Mackinder alifika Batian mwaka 1899, na kambi inaitwa kwa jina lake. Waliombebea mizigo hawamo katika ramani. Hilo hatuwezi kuligeuza leo. Lakini huku kuitana "porta! porta!" sisi kwa sisi, tunaweza kukuacha. Langoni, kabla ya kuinua mizigo, kila mtu ataje jina lake, na wageni walisikie. Safari ya Jumatatu ya kupitia Sirimon itaanza hivyo. Kiongozi wake ameketi hapa nasi, naye amekubali.