Somo la Uraia: Hati Mbili za Mgeni Mfanyakazi

Leo shikeni kalamu na karatasi, kwani watu wengi wa Kahama huzichanganya hati mbili, na kosa hilo lina gharama.

Tangu mgodi wa Bulyanhulu uanze kutoa dhahabu mwaka 2001, na ule wa Buzwagi mwaka 2009, tumezoea kuona mafundi wa nchi za mbali wakipita barabara zetu. Buzwagi ulifungwa mwaka 2021, lakini wageni hawakwisha.

Haya, una mtambo wako wa kusaga mawe ya dhahabu, nao umeharibika. Jirani akuambia kwamba yuko fundi hodari, mgeni, aliyeingia kwa viza ya matembezi. Je, waweza kumpa kazi? La. Viza ile ni ruhusa ya kuja kutazama nchi, si ya kushika spana. Ukimwajiri, mmekosa wote wawili, wewe tajiri na yeye mfanyakazi. Kusema kwamba hukujua hakutakuokoa.

Kwanza huombwa kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2015. Mwombaji ni wewe tajiri, si yeye. Hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, na baadaye chaweza kuhuishwa. Tena ni cha kazi ile iliyotajwa kwa tajiri yule aliyetajwa. Fundi hawezi kukichukua akaenda nacho kwa mwingine.

Kikipatikana hicho, ndipo Idara ya Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi. Daraja A ni la mwenye mtaji wake, B la mwajiriwa, na C la watu kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Fundi wetu ni wa B.

Sasa sikilizeni vema, ninyi wenye vijana migodini. Sheria hiyo humtaka tajiri aandike mpango wa kurithisha kazi, yaani namna wenyeji watakavyofundishwa hata waishike kazi ile mgeni akiondoka. Wengi hawajapata kuusikia. Kijana akikaa miaka miwili kando ya mgeni akimpokeza spana tu, mpango huo umebaki karatasini. Basi na aulize, kwa adabu: “Mzee, katika mpango ule, nani anafundishwa kazi hii?”

Juma lijalo tutajifunza kuandika barua ya kuomba kazi.