Meza Moja katika Nchi Iliyogawanyika

(Mada iliyotolewa kwa Wazee wa Kanisa na viongozi wa vikundi vya Usharika, katika maandalizi ya Jubilei ya Miaka 100)



Usharika unaotimiza miaka mia moja umeishi chini ya tawala zaidi ya moja. Bendera zimeshushwa na nyingine kupandishwa, lakini swali moja limerudi katika kila kizazi: waumini wanaotofautiana katika siasa wataendeleaje kuwa ndugu? Tena, ni wakati gani tofauti hizo huacha kuwa mambo ya siasa tu, zikawa jambo la imani yenyewe? Swali hili Walutheri walilijibu katika ardhi ya Tanzania mwaka 1977. Inafaa jibu hilo likumbukwe katika jubilei hii.

1. Uhuru wa kutofautiana

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, hufundisha kwamba serikali na sheria njema ni karama za Mungu, na kwamba Mkristo aweza kushika madaraka ya nchi bila kutenda dhambi. Hata hivyo kifungu hicho hakimwamuru Mkristo afuate upande gani. Humwachia dhamiri yake, kisha humkumbusha neno la Mitume katika Matendo 5:29: utii kwa mtawala hukoma pale amri yake inapomtaka mtu amwasi Mungu.

Miongoni mwa Thenashara alikuwapo Mathayo mtoza ushuru, na alikuwapo Simoni Zelote, ambaye jina lake hukumbusha watu wenye wivu mkali kwa taifa lao. Injili hazisemi kwamba Bwana aliwataka wapatane kwanza juu ya kodi ya Kaisari. Zinasema aliketi nao mezani.

2. Mpaka ulipovukwa: Namibia

Kusini mwa Afrika mambo yalikuwa tofauti. Namibia ilitawaliwa na Afrika Kusini, na sera ya ubaguzi wa rangi ilifika hadi kanisani. Walutheri weusi na weupe walikuwa na ungamo moja na Katekisimu moja, lakini makanisa mbalimbali. Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake kwamba Afrika Kusini ilikuwa Namibia kinyume cha sheria. Siku tisa baadaye, Askofu Leonard Auala na Mchungaji Paulus Gowaseb, viongozi wa makanisa mawili ya Kilutheri ya watu weusi, walimwandikia Waziri Mkuu B. J. Vorster barua ya wazi. Walieleza kwamba watu wao walinyimwa haki ya kwenda na kukaa watakako, uhuru wa kusema na haki ya kupiga kura, na kwamba kazi ya mkataba ilivunja nyumba na ndoa. Barua nyingine iliandikwa kwa ajili ya sharika, ili muumini wa kawaida asikie wachungaji wake wamesema nini.

Gharama yake haikuwa ndogo. Mwaka 1973 kiwanda cha uchapaji cha kanisa huko Oniipa kililipuliwa kwa bomu. Kanisa likakijenga upya. Mwaka 1980 kikalipuliwa tena.

3. Tamko la Dar es Salaam

Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wa 6 jijini Dar es Salaam, wa kwanza katika bara la Afrika. Hapo ndipo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alipochaguliwa kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Mkutano ulikiri kwanza kwamba katika hali ya kawaida Wakristo waweza kuwa na maoni mbalimbali ya kisiasa. Kisha ukatamka kwamba kusini mwa Afrika hali imefikia mahali pa kuungama imani: kuukataa ubaguzi wa rangi hadharani lilikuwa sharti la uaminifu kwa Injili. Tena wito huo ulielekezwa kwa makanisa wanachama ya watu weupe. Kanisa lilianza na nyumba yake lenyewe kabla ya kunyoosha kidole kwa serikali.

Miaka saba baadaye, mwaka 1984 huko Budapest, makanisa mawili ya watu weupe yalisimamishwa uanachama kwa kutouitikia wito huo. Hayakufukuzwa, mlango wa kurudi uliachwa wazi. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, lakini makanisa yake matatu ya Kilutheri hayakuungana mara moja kuwa kanisa moja. Ukuta uliojengwa na siasa hubomolewa polepole, hata baada ya mjenzi wake kuondoka.

4. Funzo kwa Usharika

Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi Tanzania mwaka 1992, sharika nyingi zimeonja uchungu wa misimu ya uchaguzi. Wanakwaya huacha kusalimiana; mzee hukwepa msiba wa jirani wa chama kingine; mimbari hutamaniwa na wagombea. Kwa hiyo mambo mawili yashikwe pamoja.

La kwanza, tofauti ya kura isifanywe kuwa uzushi. Anayemnyima mwenzake mkono wa amani kwa sababu ya chama amefanya chama kuwa ungamo.

La pili, amani isifanywe kuwa kisingizio cha kunyamaza. Mahali ambapo mtu anadharauliwa kwa rangi, kabila au chama chake, au anaonewa na hana wa kumtetea, Kanisa haliwezi kusema kwamba hayo ni ya siasa.

Kipimo ni Meza ya Bwana. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu wengine walishiba na wengine walikaa na njaa, nao wote wakisema wanakula chakula cha Bwana (1 Kor. 11). Wazee watakaoandaa Meza hiyo katika miaka mia ijayo na waulize kila Jumapili: ni nani hayupo, na ni kwa nini hakuja?

Kristo, aliye amani ya watu wake, aulinde Usharika huu katika kweli na katika upendo. Amina.