Nyaraka Zako Mtandaoni: Ufunguo Uko kwa Nani?

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka.)

 Kipindi hiki ni chenu ninyi mlio kambini na kwenye makazi ya wakimbizi, upande huu wa mpaka na upande ule. Leo tunazungumzia karatasi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa, kitambulisho ulichotoka nacho nyumbani, hati ya shamba. Mvua huziloanisha, moto huziunguza, na njiani huibwa. Ndiyo maana wengi wetu huzipiga picha na kuzihifadhi mtandaoni, mahali panapoitwa "wingu".

Jina hilo lisitudanganye. Hakuna kinachoelea angani. Picha yako inatoka kwenye simu na kwenda kukaa kwenye kompyuta za kampuni, mara nyingi katika nchi nyingine. Faida ipo: simu ikiibwa, picha inabaki. Lakini hapo umempa mtu sanduku lako akutunzie. Basi tujiulize maswali matatu.

La kwanza: ufunguo uko kwa nani? Tuseme mama mmoja amevuka kutoka Kivu Kaskazini akaingia Uganda. Akaunti yake aliifungua kwa laini ya Kongo. Huku amenunua laini mpya, ile ya zamani ameitupa. Siku simu yake inaharibika, anaazima nyingine na kujaribu kufungua akaunti. Kampuni inatuma namba ya uthibitisho, lakini inaituma kwenye laini ya zamani. Mama amefungiwa nje ya sanduku lake mwenyewe.

Hatari haiishii hapo. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba ile yaweza kupewa mteja mwingine. Sasa namba ya uthibitisho inamfikia mtu asiyemjua. Vivyo hivyo kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani: ikipotea, mwenye jina ndiye anayeweza kuirudisha.

Swali la pili: sanduku litatunzwa hadi lini? Mwaka 2023 kampuni ya Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, pamoja na picha zake. Kwa mtu aliye safarini, asiye na simu wala bando, miaka 2 si mingi.

Swali la tatu: nani mwingine anaweza kuingia? Mnamo Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye kompyuta zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000. Wengi walikuwa watu kama sisi, waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, safari za uhamiaji na majanga. Taarifa hizo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni moja nchini Uswisi. Ilibidi mifumo ya kazi ya kutafuta jamaa izimwe kwa muda. Kama mlango wa shirika kubwa namna hiyo ulivunjwa, wetu pia unaweza kuvunjwa.

Je, tuache kuhifadhi mtandaoni? Hapana. Tuhifadhi kwa akili.

Moja, tunza karatasi halisi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Picha husaidia, lakini ofisi nyingi hutaka karatasi yenyewe.

Mbili, kabla ya kuacha laini ya zamani, ingia kwenye akaunti ubadilishe namba ya simu. Kama akaunti inatoa namba za akiba za kuifungulia, ziandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae pamoja na simu.

Tatu, fungua akaunti yako kila baada ya miezi michache, hata kwa dakika moja.

Nne, ukitumia kompyuta ya dukani au simu ya kuazima, toka kwenye akaunti ukimaliza. Hakikisha nakala ya cheti chako imefutwa kwenye kompyuta ile. Neno la siri usimwambie mtu, hata anayekusaidia.

Tano, si kila kitu ni cha mtandaoni. Maelezo ya kwa nini ulikimbia, majina ya waliokutishia na ya ndugu waliobaki nyumbani, usiyaweke kwenye kundi la WhatsApp wala kwenye akaunti mnayotumia wengi. Yakivuja, anayeumia huenda si wewe, bali aliyebaki kule.

Na shirika linapochukua alama za vidole au picha yako, uliza: zinatumika kwa kazi gani, na nani atapewa? Sera ya UNHCR inakupa haki ya kuuliza na ya kuomba makosa yarekebishwe. Kuuliza si utovu wa adabu.

Baada ya kipindi, jadilianeni kikundini: simu yako ikipotea leo usiku, kesho asubuhi utazipataje nyaraka zako? Asiye na jibu asaidiwe na mwenzake leo hii.

 

(Muziki wa kufunga kipindi.)